Walioambiwa Wasigeuke

Balbina alipakua chakula cha jioni kwa mpangilio wake wa siku zote: bakuli la Hermenegildi, kitinda mimba wake, kisha lake yeye na mkwewe Kandida, walilolia pamoja, na mwisho bakuli la Matimbwa. Hilo la mwisho alilifunika kwa kawa, akaliweka karibu na mlango, ili mwenyewe akiingia asihangaike kupapasa. Asubuhi lilikuwa la kuku. Kuku wa nyumba ile walikuwa wanene kuliko watu wake, na majirani wa Mlabani pale Ifakara, ambao hawakosi neno, walisema ukitaka kuku aliyenona nenda kwa Balbina, anafugiwa na marehemu. Walisema hivyo wakiwa mbali. Mbele yake hakuna aliyethubutu kumwita Matimbwa marehemu.

Matimbwa alitoka nyumbani mwaka wa vita, amefunga mabua ya mtama kichwani, amekunywa maji ya dawa yaliyosemwa kwamba yatazigeuza risasi za Wadachi kuwa matone. Akapanda Mahenge na wenzake kulivamia boma. Huu ulikuwa mwaka wa sita. Njaa ilikuja ikapita, misheni ikajengwa, watu wakabatizwa wakapewa majina mapya, na bado hakuna aliyegonga mlango wa Balbina kusema mwanao amefia mahali fulani.

Siku hiyo mchana ilitokea fedheha. Sebastiani, mvushaji wa mtoni, mtu mpole asiyependa makuu, alikuja na mjomba wake na kambale mkubwa aliyening'inizwa kwenye ukindu. Walikaribishwa, wakakaa, wakasalimu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Samaki huyo wa nani?”

“Wako, mama.”

“Na maneno yaliyomleta?”

Mjomba akasafisha koo. Akasema wameona humu ndani kuna mwanamke mchapakazi, nao wana kijana wao anayekula peke yake kama korongo.

“Mwanamke huyo ana mwenyewe,” alisema Balbina. “Mke wa mtu haposwi, wazee wangu. Mngojeni arudi, mkamwombe yeye.”

Wanawake waliokuwa wakitwanga mpunga uani kwa jirani walikuwa wamesimamisha michi yao tangu wageni walipoingia. Mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, “Basi wamwachie huyo kambale chini ya kawa, mwenyewe atajibu!” Wakacheka. Sebastiani aliinuka na samaki wake. Kandida, aliyekuwa ameinamia vyungu nyuma ya nyumba, hakuinua uso mpaka kicheko kilipokwisha.

Sasa, bakuli lilipokwisha kufunikwa, alisema.

“Mama, Padre hataki mengi. Ameniambia atatangaza ndoa yangu ukimpa neno lako tu, kwamba mwanao amekufa. Neno lako.”

“Mdomo huu uliompa jina ndio umzike?”

“Sebastiani anahamia Masagati kwa ndugu zake kabla mto haujajaa. Hatarudi. Nami nitabaki mke wa nani?”

“Wa mwanangu.” Balbina alinawa mikono taratibu. “Nileteeni mtu aliyemwona. Mmoja tu. Akisema nilimwona akianguka, nitalia leo hii, na utanyolewa, na utakwenda kwa mvushaji wako.”

Ndivyo ilivyokuwa kwao. Msiba haufunguki mpaka mama wa marehemu alie kwanza. Asipolia, hakuna matanga. Pasipo matanga, hakuna mjane.

Hermenegildi alimfuata shemeji yake uani. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya walimu pale misheni, kijana wa shati jeupe, anayetembea kama anayeogopa kujichafua kwa kivuli chake.

“Shemeji, nimewauliza. Wote waliokwenda naye na wakarudi nimewauliza. Neno lao ni moja.”

“Neno gani?”

“Sikugeuka. Basi. Wanasema, sikugeuka, halafu wananiuliza habari za shule.”

“Na yule mtunza vitabu wenu? Si mnasema anajua kutafuta mambo?”

Hermenegildi alicheka kwa aibu. “Kwa Wendelin? Mwanafunzi akionekana anakwenda kwa Wendelin, wenzake wanamsema hana kitu kichwani.”

“Mimi sisomi,” alisema Kandida. “Mimi wataniambia sina nini?”

*

Kweli, wanafunzi wa misheni walikuwa na mwenendo wao. Padre akiwapa jambo la kutafuta, kwanza waliulizana mtoni wakifua. Wakishindwa, waliulizana tena jikoni, kana kwamba moshi utaongeza elimu. Kisha walimnyemelea mwalimu. Wendelin walimwendea mwisho kabisa, mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kwa mganga, ilhali yeye kutwa nzima alikaa katika nyumba ya vitabu, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kuulizwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye makabati mawili yaliyosimama miguu ikiwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa, ili mchwa wasipande. Kandida na Hermenegildi walipovuka uwanja, wanafunzi waliokuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo waliacha kuimba.

“Jamani, Hermenegildi kaleta mwanafunzi mpya!” mmoja alipaza sauti. “Anasoma darasa la chungu!”

Wengine wakaangua kicheko. Hermenegildi aliongeza mwendo, akamwacha shemeji yake hatua kadhaa nyuma. Kandida aliliona hilo.

Ndani kulikuwa na watu. Kwa Wendelin hakukosekani watu. Mpishi wa mapadre alikuwa kwenye mkeka akisimulia nani kagombana na nani, na mzee mwenyewe, mfupi mwenye ndevu za mbuzi, alikuwa akimsikiliza huku akijipakia ugoro puani kwa raha. Alipouona uso wa Kandida akamgeukia mpishi.

“Nyama yako inaungua.”

“Sijaiinjika, mzee.”

“Basi nenda ukaiinjike.”

Mpishi akaenda, akitazama nyuma kwa uchungu wa mtu anayenyimwa habari. Kandida aliketi palepale mlangoni, ameupa mgongo uwanja, kwa sababu hakutaka kuziona tena nyuso za wale vijana.

“Natafuta kitabu cha sheria za ndoa,” alisema Hermenegildi.

“Kipo. Cha Kilatini. Unaoa?”

“Hapana.”

“Unafukuza mke?”

“Hapana, mzee.”

“Basi kiache kilale. Ninyi vijana mnaniomba kitabu, na kitabu sicho mnachokitaka. Mnaona haya kusema mnaumwa wapi.” Akamgeukia Kandida. “Mama, wewe umekuja na nini?”

Kandida alieleza. Alieleza habari za mume, za mkwewe, za mvushaji, na mto ambao ungejaa. Bakuli hakulitaja, kwa kumsitiri mkwewe. Wendelin hakumkatiza. Alipomaliza mzee aliuliza, “Na hao watu mliwauliza vipi? Nataka maneno yenyewe.”

“Ulimwona kaka yangu akifa?” alisema Hermenegildi. “Nao wakasema, sikugeuka.”

“Wote neno hilohilo? Kwa nini?”

Hermenegildi hakujua. Mwaka wa vita alikuwa mtoto. Kandida ndiye aliyejibu. Waliokunywa maji walipewa miiko, alisema. Wasilale na wake zao. Wasipore mali njiani. Na wakishaanza kwenda, wasitazame nyuma. Atakayegeuka, maji yanaharibika, na hayaharibiki kwake peke yake. Yanaharibika kwa wote.

“Kwa hiyo mtu akikwambia nilimwona Matimbwa akianguka nyuma yangu…”

“Amesema aligeuka.”

“Na aliyegeuka ni nani?”

Jambo hili alilijua siku zote, kama watu wote wa bonde walivyolijua, lakini hakuwa amewahi kulitembea mpaka mwisho wake.

“Ndiye aliyewaua wote,” alisema.

Wendelin alilishika sanduku lake la ugoro bila kulifungua. “Mimi si wa huku. Nilichukuliwa utumwani utotoni, nikakombolewa Pwani, nikaletwa na hawa mapadre. Maji yenu siyajui. Na katika makabati haya hamna jina la mumeo, wala la mtu yeyote wa bonde hili. Jibu sina, mama. Naona tu kwamba mnagonga mlango ambao mwenye nyumba akiufungua anajinyonga. Hakuna mlango mwingine?”

Nje, vijana walikuwa wameanza tena wimbo wao. Sauti moja ilitangulia, nyingine zikaifuata. Kandida aliinamisha kichwa, akasikiliza.

“Anayeongoza wimbo,” alisema, “ndiye aliyenitania.”

“Umemwona?” aliuliza Hermenegildi.

“Nimempa mgongo, shemeji.”

Alilisema hilo bila kufikiri. Kisha akalisikia mwenyewe. Wendelin aliweka sanduku chini.

“Ehe,” alisema mzee polepole. “Haya, nendeni. Na wewe kijana, safari hii mwache yeye aulize.”

*

Aliyetembea mbele ya Matimbwa siku ile, kwa habari za watu, alikuwa Fulgensi, rafiki yake wa kucheza na kuvua. Baada ya vita hakukaa tena Ifakara. Alihamia Kiberege, kando ya njia, akasuka migono ya kuvulia na kuiuza sokoni. Walimkuta nyuma ya nyumba, amekaa ameegemeza mgongo ukutani kabisa, fito mapajani. Alikuwa mtu mkubwa, na bado sauti yake ilikuwa ndogo.

“Shikamoo, shemeji,” alisema Kandida.

“Marahaba, mama. Nilijua mtakuja. Kijana alikwisha kuja.” Hakuacha kusuka. “Nami nilikwisha kumjibu. Sikugeuka.”

“Najua hukugeuka.”

Mikono ya Fulgensi ikasimama.

“Sikukuuliza ulichoona,” aliendelea Kandida. “Hakuna ulichoona, na asitokee mtu akasema uliona. Nakuuliza, aliyekuwa nyuma yako alikuwa nani?”

“Matimbwa.”

“Ulijuaje ni yeye, nawe hukugeuka?”

Fulgensi alimtazama kama mtu aliyefunguliwa kamba asiyojua kama bado imemfunga. Akatazama migono yake. Hermenegildi alitaka kusema neno. Kandida akamgusa goti.

“Alikuwa anakoroma akitembea,” alisema Fulgensi. “Wewe si unajua. Pua yake.”

“Najua.” Na Kandida, ambaye miaka yote hii hakuwa ameikumbuka pua ile, aligusa pua yake mwenyewe.

“Njia nzima nilikuwa naisikia. Katika matete, katika mlima. Nilikuwa nikiisikia nasema, haya, yupo. Tulipofika ule uwanda mbele ya boma nilikuwa bado naisikia. Wakafyatua ile bunduki yao isiyopumua. Watu wakapiga kelele, maji, maji! Na katika zile kelele sauti yake niliijua.”

“Mpaka wapi?”

“Mpaka palipo na mti uliokatwa. Hapo mkoromo ulikoma.” Akachukua ufito, akaukunja hata ukavunjika. “Sauti haikukoma. Sauti iliendelea.”

“Ilisema nini?”

Alitikisa kichwa. “Hayo ni ya mama yake. Nikiyasema, nitayasema mara moja, na yeye ndiye atakayeyasikia. Twendeni.”

Hata shati hakubadili. Mkewe alimkimbilia na kitambaa cha kujifunika, akakipokea bila kusimama, na njia yote mpaka Ifakara alitembea nyuma yao. Hermenegildi alipomwambia, “Pita mbele, kaka, wewe ni mgeni,” alikataa.

“Hapana,” alisema. “Mimi nyuma ndiko kunakonifaa.”

*

Balbina aliwapokea ndani. Alimjua Fulgensi tangu akitambaa, lakini alimsalimu kama anavyosalimiwa mtoza kodi. Majirani walijazana mlangoni bila kualikwa, na safari hii hakuna aliyetania.

“Ulimwona?” aliuliza Balbina.

“Sikumwona, mama.”

“Basi umefuata nini nyumbani kwangu?”

“Nilimsikia.”

Balbina alikaa chini. Fulgensi alieleza mpaka pale kwenye mti uliokatwa. Nje kuku mmoja alikuwa akiparua chini ya dirisha, na ule mparuo ulisikika nyumba nzima.

“Aliita,” alisema Fulgensi. “Wakati huo sikuwa Fulgensi. Nilikuwa Ligongo. Alisema, Ligongo, nigeukie.”

“Mara moja?”

“Hapana, mama.”

“Ukageuka?”

“Sikugeuka.”

Mwanamke mmoja mlangoni alivuta pumzi kwa meno. Fulgensi hakumsikia, au alijifanya.

“Wenzetu walikuwa mbele wanakimbilia boma. Nikasema, nikigeuka nitawaua. Mimi nitakuwa nimewaua wote hawa. Nikakaza macho kwenye migongo yao. Na wao wakaanguka, mama, huku nawatazama. Wakalala kama mtama uliopitiwa na viboko. Sikugeuka, na wakafa vilevile.” Alijifuta uso kwa kile kitambaa cha mkewe. “Matimbwa aliita tena. Hakuwa analia. Alikuwa anaita kama mtu anayemwamsha mwenzake bila kutaka kuwaamsha wengine. Ligongo, nigeukie, nikuone uso. Padre alipokuja kutafuta watu wa kubatiza nilikuwa wa kwanza kwenda. Wakadhani nimempenda sana Mungu. Nilikuwa nataka jina lingine.”

“Labda ulimwacha mbali,” alisema Balbina. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa inaomba. “Mtu anakimbia, sauti inabaki nyuma. Si lazima awe amekufa. Ulikimbia, ukaacha kuisikia.”

“Sikukimbia. Nilikuwa nimesimama. Miguu ilikataa kwenda na shingo ilikataa kugeuka. Nilisimama palepale mpaka ikanyamaza.” Akaonyesha kwa mkono, umbali wa mlango na jiko. “Hapo na hapo, mama. Nilimsikia mpaka pumzi ya mwisho, naye hakuuona uso wangu.”

Kandida alimtazama mkwewe. Alikuwa ameingoja saa hii miaka, na sasa alitamani ingoje kidogo. Balbina alikuwa ametoa macho, mdomo wazi. Kisha akakivua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka sakafuni kama mtu aliyekuja kulala. Sauti iliyomtoka ilikuwa nene, ya chini, na haikufanana na kilio hata ilipokuwa imejaa nyumba yote ikatoka uani.

Msiba ukafunguka. Kandida alidhani atalia kwa adabu, kama inavyompasa mjane. Alijikuta ameushika mguu wa mkwewe, analia kwa sababu ya pua ya mtu, pua iliyokuwa inakoroma.

*

Ilikuwa nyumba ya matanga, na nyumba ya matanga hujaa. Watu wa Mlabani walileta mchele, kuni na midomo yao. Lakini jambo moja halikuwa la kawaida. Wanaume walikuwa wakija, wakisalimia, wakienda kukaa na Fulgensi nyuma ya nyumba, na hawaondoki. Mmoja akasema, kama anayezungumzia mvua, “Mimi nyuma yangu alikuwa Lyaumi. Alikuwa anaimba.” Mwingine akasema nyuma yake kulikuwa na kengele ya mguuni. Hermenegildi, shati limechafuka majivu na hana habari nalo, alikaa kati yao akiuliza kama alivyomsikia shemeji yake akiuliza: ulimsikia mpaka wapi?

Jioni ile, nyumba ya pili kutoka pale, mama mwingine akalia. Kesho yake nyumba ya tatu. Wale waliotwanga na kucheka siku ya kambale, wawili wao walinyolewa nywele kabla wiki haijaisha. Ilifika mahali Padre akalalamika kwamba kanisani kuna vipara zaidi ya nywele, na mafundisho hayana watu. Mlabani yote ilikuwa inawazika waliokuwa wamekwisha kuoza.

Usiseme walipata amani. Watu walilala vibaya zaidi kuliko kwanza. Wengine walisema Balbina amefungua kitu ambacho kingebaki kimefungwa. Lakini waliendelea kuja, na wote walimwulizia Kandida. Aliwasikiliza, akawapeleka kwa huyu au yule. Hakujua majibu. Alijua tu nani alitembea na nani, na mtu gani aulizwe asubuhi akiwa na njaa, na yupi aulizwe akishakunywa.

Matanga yalipoondolewa, Balbina alikwenda mwenyewe misheni akatoa neno lake. Ndoa ikatangazwa, ikafungwa, bila ngoma. Asubuhi ya safari ya Masagati Sebastiani alikuwa uani, kafi begani, mizigo imekwisha kupakiwa mtumbwini. Mto ulikuwa umeanza kuwa mwekundu kwa tope la milimani. Wanaume watano sita walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha nyumba, wakingoja kumuaga Kandida.

Mwanamke asiyefahamika alitokea njiani, vumbi mpaka magotini. Akasema jina lake ni Margareta, na ametoka huko huko Masagati.

“Nimesikia hapa kuna kitabu cha watu wa vita.”

“Hakuna kitabu, dada,” alisema Kandida.

“Basi samahani.” Mwanamke akageuka aende, upesi, kama aliyefumaniwa.

Kandida akamshika mkono. “Kaa kwanza. Unamtafuta nani?”

“Mume wangu. Nataka mtu aliyemwona.”

“Hakuna aliyeona. Waliambiwa wasigeuke. Niambie, aliyekuwa mbele yake alikuwa nani? Huyo ndiye aliyemsikia.”

Margareta alifikiri. Ilionekana hakuna aliyewahi kumwuliza chochote kuhusu mume wake.

“Mbele yake hapakuwa na mtu,” alisema. “Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alibeba kibuyu cha maji.”

Kandida alichelewa kuelewa. Kisha akaelewa. Huyu hakuhitaji masikio ya mtu. Huyu alikuwa mbele ya kundi zima, na kila aliyekuwa nyuma yake alikuwa na macho, na hakuna mwiko aliouvunja kwa kumtazama.

“Huyo,” alisema, “wamemwona wote.”

“Wote?” Mwanamke aliwatazama wanaume kivulini. “Mbona nimetembea nyumba kwa nyumba na hakuna aliyeniambia?”

Mmoja alichora chini kwa kidole. Mwingine aligundua kitu kwenye ukucha wake. Fulgensi peke yake aliinua uso, na yeye alikuwa katika kundi jingine, hakuwa na la kusema. Walikuwa wamejifunza kutaja sauti walizozisikia nyuma yao. Mtu wa mbele, aliyeanguka na kibuyu mikononi, maji yakamwagika mchangani mbele ya macho yao, na wao wakapita juu yake wakiendelea kuimba maji, huyo hakuna aliyemtaja hata kwa mkewe.

Kandida alimtazama Sebastiani. Mwaka mzima alikuwa amesikiliza habari zake za mitumbwi na viboko. Ikamjia sasa kwamba hajawahi kumwuliza wakati wa vita alikuwa wapi.

Sebastiani aliteremsha kafi begani, akalilaza chini. Alikuja akachuchumaa mbele ya yule mwanamke, karibu, ili amwone uso vizuri.

“Nilikuwa wa tatu kutoka mbele, dada,” alisema. “Kaa, nikwambie.”